Kijiti Juu ya Paa la Shule

Kwako Kemunto,

Sikuulizi hali. Hali yako naijua, asubuhi nimekupakulia chakula na umekila bila kuniangalia. Sasa umekwenda kuwaaga wenzako wa kwaya, baba yako amekaa uani anajifanya amelala, na mimi nimechukua kalamu yako nyekundu, ile ya kusahihishia, kwa sababu ndiyo pekee niliyoipata katika nyumba hii. Usije ukasema mama aliniandikia kwa damu. Ni kalamu tu.

Leo ni Sabato. Sanduku lako liko wazi juu ya kitanda tangu jana na halina kitu, maana hata wewe mwenye haraka ya kuondoka hukuthubutu kufunga mizigo kabla jua halijazama. Jioni utapanga nguo zako, na mimi nitaiingiza barua hii katikati ya blanketi, mahali ambapo hutaiona mpaka ufike Kisii mjini na kukitandika kitanda katika chumba alichokuahidi Ombasa. Kama kuandika barua ni kazi, Mungu atanisamehe. Ana mengine makubwa zaidi ya kunisamehe wiki hii.

Usishangae kwamba nakuandikia kwa Kiswahili. Kwa Ekegusii nimekusema tangu Jumatatu, na mengine niliyosema nisingependa uondoke nayo. Kiswahili ni lazima nikitafute neno kwa neno, na ninapotafuta neno hasira hupungua kidogo. Hupungua tu, haiishi. Nina hasira na wewe, mwanangu, nina hasira na Ombasa, nina hasira na afisa wa elimu na viatu vyake visivyoshika matope. Ya kuvaa sweta na kuchemsha maji sikuandikii. Wewe ni mwalimu, unawafundisha wengine hayo. Nataka uijue hasira hii tangu inakoanzia, na inaanzia kabla hujang'oka meno ya utoto.

Wakati huo tulikuwa na shule mbili karibu na kwetu, na hakuna iliyokuwa yetu sote. Ng'ambo ya mto ilikuwa ya Wakatoliki, na kule juu, kwenye njia ya kwenda Keroka, ilikuwa ya sisi Wasabato. Mtoto alikwenda shule kufuatana na mahali baba yake anaposali. Wa nyumba isiyosali popote aliingia kama nafasi imebaki, na mara nyingi haikubaki, akachunga ng'ombe. Ndipo Mzee Onchari, ambaye hakusali popote na alikuwa na watoto wengi kuliko miche yake ya chai, akasema atatoa lile shamba lake la juu lenye mawe, ijengwe shule ya kila mtoto, awe wa Jumamosi, awe wa Jumapili, awe wa nyumba inayopika pombe ya wimbi.

Tulijenga wenyewe. Kila boma lilileta nguzo. Sisi wanawake tulichota maji mtoni, tukaukanda udongo kwa miguu tukiimba, wa kanisa hili na wa lile, na ilibidi tuimbe nyimbo za jando na za arusi kwa sababu za kanisani hazikulingana. Wewe ulikuwa mgongoni kwangu, ukalala katikati ya kelele zote zile. Baba yako aliezeka paa. Unajua kwamba wakati ule hakuna aliyemshinda kwa kuezeka kutoka hapa hadi Mosocho, ingawa siku hizi mwenyewe hataki kusikia habari za nyasi.

Alipokaribia kumaliza, Mzee Onchari alikuja na koti lake lile la vita, akasimama chini akitazama juu.

"Momanyi, umesahau kijiti."

"Kijiti cha nini, omogaka?" baba yako akauliza kutoka juu. "Hii si nyumba ya mtu."

"Nyumba gani inakaa bila kijiti? Watu watasema ni zizi. Niwekee changu. Mtu ashukuriwe angali anaona."

Wewe umekulia chini ya mabati, labda vijiti hivyo huvijui vizuri. Zamani kila mume mwenye nyumba alikuwa na kijiti kimechomoza kileleni mwa paa lake, na anayepita njiani akikiona alijua mwenyewe yu hai. Akifa, wanawe hupanda na kukivunja. Nyumba yenye kijiti ina mwenyewe, na ya mwenyewe hurithiwa. Hayo tuliyajua sote tuliokuwa pale, wanaume kwa wanawake, na bado hakuna aliyefungua mdomo. Mzee ametoa shamba zima, utamnyima ujiti wa urefu wa mkono? Ingekuwa aibu. Baba yako akakiweka. Nikapiga vigelegele, na wenzangu wakaitikia, na Onchari akacheka mpaka akakohoa.

Mhindi mwenye duka pale Keroka, aliyetuuzia misumari ya milango, alituuliza swali moja tu. "Karatasi ya shamba iko wapi, mama? Bila karatasi, kesho hii shamba si yenu." Tulimcheka njia nzima kurudi nyumbani. Tukamwiga sauti. Karatasi ya nini, na mzee mwenyewe tunamjua, na kijiti chake kinaonekana kutoka sokoni?

Watu wakaiita shule ile kwa Onchari. Mimi pia niliiita hivyo. Nilikwenda kwa Onchari jioni kusoma ngumbaru pamoja na watu wazima wenzangu, wewe ukiwa umeshika kanga yangu, na ulinicheka nilipoandika jina langu likapanda juu ya ubao kisha likateremka. Kabla ya hapo nilikuwa natia kidole gumba kwenye kituo cha chai, na karani alikuwa akikishika kidole changu na kukikandamiza kwenye wino yeye mwenyewe. Siku nilipomwambia, "Lete kalamu," aliniangalia sana. Nakuandikia barua hii kwa sababu ya chumba kile. Bila chumba hicho ungekuwa huna habari ya hasira yangu mpaka leo, ungedhani ni kelele za jikoni.

Kisha sheria mpya ikatoka kwamba shule ni za serikali, makanisa yawe wadhamini tu. Kwetu hakukuwa na kanisa la kuuliza. Serikali ikaleta mwalimu, chaki na bango la mbao lenye jina jipya ambalo hakuna aliyelitumia. Haikuleta paa. Hatukulalamika, nyasi zilikuwa bado nzuri. Ukasoma pale, ukafaulu, ukaenda chuo cha ualimu, ukarudi na sanduku hilihili lililo wazi kitandani, na mwalimu mkuu akakupa darasa la kwanza. Niliringa, Kemunto. Niliwaambia hata wanunuzi wa pareto ambao hawakuniuliza. Sasa naona niliringa mapema.

Unakumbuka siku redio ilipotangaza kwamba Rais amefuta karo, kuanzia darasa la kwanza hadi la nne. Wanawake walicheza njiani. Asubuhi iliyofuata mlango wa darasa lako ulizibwa na watoto, wengine wakubwa wameshaanza kubadilika sauti, wote wanataka darasa la kwanza. Ulirudi nyumbani bila sauti na vumbi la chaki mpaka kwenye kope. Ukasema, "Mama, wamekaa sakafuni hadi kwenye miguu yangu, nikigeuka nitamkanyaga mtu." Na ulikuwa unacheka. Mimi nataka ukumbuke kwamba ulikuwa unacheka.

Mwaka uleule Mzee Onchari akafa. Tulimlia kwa haki. Wiki ile ya matanga ilipokwisha, wanawe walipanda kwenye paa la shule wakavunja kijiti. Walichagua Jumamosi, wakijua nusu yetu tuko kanisani. Tuliporudi, kileleni palikuwa na tundu, na Ombasa, mkubwa wao, mwenye malori mawili pale Keroka, amesimama chini ya bango.

Baba yako alimwuliza, "Umevunja nini hapo?"

"Nimevunja kijiti cha baba yangu kwenye nyumba ya baba yangu," Ombasa akajibu. "Si wewe mwenyewe ulikiweka? Au uliweka cha serikali?"

Baba yako aligeuka akashika njia ya nyumbani. Mpaka leo hushika jembe na kutoka kila tunapoanza habari hizi. Nisikilize vizuri hapa. Sisi tuliofanya kosa lile hatukuwa wajinga. Tuliona haya kumnyima mzee heshima, na heshima yenyewe ikageuka hati ya shamba. Tangu siku ile, mtu akinipa kitu kizuri humwangalia mikono kwanza, nione kama ameshika kijiti.

Afisa wa elimu alikuja, akaitisha mkutano chini ya mti ulio mbele ya ofisi ya mwalimu mkuu. Alisema kwa Kiswahili chake safi, na mimi nilielewa kila neno kuliko wanaume walioketi mbele. Shule ya serikali lazima iwe na jengo la kudumu. Paa la nyasi si la kudumu, na likibaki la nyasi yeye hawezi kubishana na wana wa Onchari kuhusu nyumba ya baba yao. Tukiweka mabati, tukawa na mwalimu kwa kila darasa, ataiandikisha na shamba litakatwa kwa jina la shule. Mwalimu akipungua hata mmoja, ataiunganisha na ile ya ng'ambo ya mto, na shamba litarudi kwa wenyewe.

"Mabati yatatoka wapi?" nikauliza.

"Kwa wazazi, mama. Karo imefutwa. Majengo hayajafutwa."

Watu wakacheka, kile kicheko cha mtu aliyepigwa. Ndipo ada ya majengo ikapigiwa kura ya mkono katika kamati, na mimi ndiye mwanamke pekee wa kamati, na ulikuwa umesimama mlangoni na daftari lako kifuani ukinitazama. Niliinua mkono. Niliuinua juu kabisa. Ningeuinua tena, Kemunto. Ombasa alikuwa ameketi pale akingoja tushindwe, na nilitaka mabati yaingie juu ya paa lile hata kama ni kwa jasho la kila mtu, hata kwa langu.

Kilichofuata unakijua kuliko mimi, kwa sababu ni wewe uliyeamriwa kukifanya. Kila Jumatatu mwalimu mkuu alisoma majina, na wasiolipa wakatolewa nje. Kwamboka wa Moraa jirani yetu alikuwa wa kwanza kutolewa, kitoto kile kisichoweza hata kufunga nguo yake mgongoni. Wengi hawakwenda nyumbani. Walijificha kwenye chai iliyo upande wa pili wa ua. Na wewe ukaanza kufundisha kwa sauti ya kuhubiri, ili wa nje wasikie. Nilikuwa nachuma chai kule chini nikakusikia ukiita "a, e, i, o, u," na majani ya chai yakakuitikia. Nilidhani nimechanganyikiwa. Nikainuka, nikaona vichwa vidogo vimejipanga kati ya mistari.

Siku ile nilitaka kukimbia nikukumbatie. Sikukimbia. Nilikuwa na kikapu mgongoni, na mimi ndiye niliyeinua mkono. Ningesema nini? Mwalimu mkuu alipokugombeza mbele ya wanafunzi, akakwambia unaharibu nidhamu na unamfanya mzazi asilipe, kamati iliulizwa, na kamati ikanyamaza, na mimi nilikuwa ndani ya kamati. Kwa hilo unayo haki ya kunichukia. Nimekuachia haki hiyo, sikunyang'anyi. Lakini usiitumie kuwaadhibu wasiohusika.

Maana mwezi uleule, gari likasimama langoni kwetu. Ombasa, na mkate mkononi, na sukari, na suti. Akaketi kwenye kiti cha baba yako bila kukaribishwa. Amefungua shule yake Kisii mjini, ya kulipia, watoto wanavaa soksi, mwalimu ana chumba chake na mshahara unaofika kwa siku yake.

"Mama, mimi nataka mwalimu bora tu," alisema.

"Kisii nzima imekosa walimu, Ombasa? Umepita shule ngapi ukatafuta njia ya matope mpaka huku?"

Akacheka. Halafu akatazama dirishani, juu, upande wa shule, kule ambako nusu ya paa ni mabati mapya na nusu bado ni nyasi zilizooza. Wewe ulikuwa unamimina chai, hukuona. Mimi niliona.

Sasa nitakwambia neno litakalokuuma, na nataka likuume. Wewe ni mwalimu mzuri. Sijaona mzuri kuliko wewe, na nimekaa mbele ya walimu wengi nikiwa mtu mzima mwenye kikapu. Lakini Ombasa hajawahi kukuona ukifundisha. Hajasimama kwenye dirisha lako hata dakika moja. Anachokitaka ni darasa utakaloliacha bila mwalimu. Mkaguzi wa yule afisa wa elimu anakuja wiki hii inayoanza, atahesabu walimu, atakuta amepungua mmoja. Ombasa atakulipa mshahara mzuri, na bado atakuwa amelipata shamba kwa bei ya bure. Ukifika huko uangalie kama amekupa darasa lenye wanafunzi au amekupa kiti.

Jumatatu jioni tulipogombana, ulisimama hapa mekoni ukaniambia maneno ambayo nimeyarudia kichwani wiki nzima. "Mama, mlifuta karo mdomoni mkaiweka mlangoni. Kwa Ombasa angalau wanasema ukweli, lipa ndipo uingie. Kule sitamfukuza mtoto yeyote."

Nilikujibu vibaya. Nilisema umekuwa bibi wa soksi. Niache sasa nikujibu sawasawa.

Ni kweli, kule hutamfukuza mtoto. Kwamboka hawezi hata kufika langoni pa Ombasa ndipo afukuzwe. Hawamjui. Hapa kwetu tulimfukuza, ni dhambi, na nitaibeba. Lakini siku ya pili yake Moraa alikuja shuleni na fimbo ya kuchungia, akasimama uwanjani akanitukana mimi na mwalimu mkuu na kamati nzima. Alinitajia mama yangu marehemu. Alisema, "Nguzo ya tatu ya chumba hicho ni yangu, niliibeba nikiwa na mimba ya kaka yake mkubwa, nani amekupa ruhusa ya kumtoa mtoto wangu chini yake?" Na hakuna aliyemgusa. Hakuna aliyemwita askari. Mwalimu mkuu alijifungia ofisini. Niambie, ni mama gani atakayekwenda kusimama uwanjani kwa Ombasa na fimbo? Atasema nguzo ipi ni yake?

Hiyo ndiyo shule ninayoitetea. Ni mbaya. Inavuja, imejaa, serikali imeitangazia mambo makubwa redioni kisha ikatuachia sisi tuyalipe, na wanaoiongoza ni watu wenye woga kama mimi. Lakini ni mahali pekee kwenye mlima huu ambapo mtu asiye na kitu anaweza kuja kunitukana na nikalazimika kumsikiliza. Wewe umeikimbia kwa sababu ya ubaya wake, na ubaya wake naujua, nilisaidia kuuleta. Nilidhani mtu akiona nyumba inavuja hupanda kuziba. Baba yako alikulea juu ya ngazi, au umesahau?

Usinijibu kwamba umechoka. Najua umechoka. Nimekusikia ukikohoa chaki. Ungeniambia, "Mama, nataka kupumzika muhula mmoja," ningeuza mbuzi ili upumzike. Hukusema hivyo. Ulisema shule ya serikali imekuwa kichekesho, ukasema mbele ya Ombasa, naye akakuongezea sukari kwenye chai yangu mwenyewe. Hapo ndipo uliponikata.

Sikuzuii. Wewe ni mtu mzima na mimi nina kiburi, siwezi kukushika nguo langoni majirani wakitazama. Kesho gari litakuja, utapanda, baba yako atakubebea sanduku, na mimi nitasema, "Haya, salama," kwa sauti ambayo utaijua ina maana gani.

Ila nikwambie nilikokuwa jana, ulipodhani nimekwenda kutafuta kuni za Sabato. Nilikwenda kwa Moraa. Alikuwa anasaga wimbi, akaniona, akaendelea kusaga.

"Umekuja kudai?" akauliza.

"Yaya, sikuja kudai. Nimekuja kukwambia Jumatatu nitapita hapa asubuhi kumchukua Kwamboka."

"Umpeleke wapi?"

"Darasani."

"Na ada?"

"Sina la kusema juu ya ada. Nimesema nitamchukua."

Akaliacha jiwe. "Mwalimu mkuu atamtoa tena."

"Atanitoa mimi kwanza."

Moraa alinitazama mpaka nikaona haya. Hakunisamehe, usidhani. Aliniambia niende, unga unaingia vumbi. Lakini nilipofika kwenye njia nilimsikia akimwita mtoto aoge miguu, na mpaka Jumatatu bado kuna siku mbili nzima. Kutoka hapo nikapita nyumba nyingine, na nyingine. Kwenye baadhi yao nilifungiwa mlango. Nikasema kupitia mlango.

Kwa hiyo Jumatatu, wakati utakapokuwa unaonyeshwa mahali pa kutundika koti lako, nitaingia darasa la kwanza na watoto wale wote, waliolipa na wasiolipa. Sina cheti. Nina herufi zote, na uliniona nikizijifunza, mstari ukipanda na kushuka. Nitakaa nao. Wakichoka nitawaimbia zile nyimbo za kukandia udongo. Baba yako amesema, na hili ndilo neno pekee alilosema wiki hii, kwamba Jumapili jua likitoka atapanda kumalizia upande wa nyasi kwa mabati yaliyopo, na pasipotosha ataezeka upya kwa mkono wake. Nilimwuliza kama ataweka kijiti. Alinitupia kofia.

Na mkaguzi akija, ataufungua ule mlango unaokwama chini, atanikuta nimekaa kwenye kiti chako na Kwamboka kwenye miguu yangu. Ataangalia kitambaa changu kichwani, ataangalia mikono yangu iliyopakwa rangi na chai. Ataniuliza mwalimu wa darasa hili ni nani. Nitasimama, kwa sababu mtu wa serikali husimamiwa, na nitalitaja jina lako lote, na la baba yako. Nitamwambia mwalimu ametoka kidogo.

Sikuwahi kusema uongo ndani ya chumba kile, Kemunto. Usinianzishe uzeeni.

Mama yako,
Nyaboke